Ongeza Bidii, Lakini ya Kufanya Nini?

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi na sekondari za kata, katika siku ya jumuiya ya kujifunza

Ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wakuu na wakuu wa shule, walimu wa taaluma, na walimu wenzangu wote, itifaki imezingatiwa. Nawashukuru kwa kunialika mimi mstaafu, ambaye siku hizi kazi yangu ni mihogo na wajukuu, nije kuzungumza na watu ambao mikono yao bado ina vumbi la chaki. Mwalimu aliyenipigia simu aliniomba nizungumzie upimaji na mrejesho darasani, na namna vinavyoijenga au kuibomoa ari ya mtoto ya kujifunza. Nami nilimwomba jambo moja: kila mwalimu aje na madaftari matano ya wanafunzi wake, yaliyochukuliwa juu ya rundo bila kuchaguliwa. Naona mengi yako mezani. Tutayafikia.

Nianze na daftari ambalo halimo humu ukumbini. Mjukuu wangu wa darasa la tatu aliniletea daftari lake la hisabati Jumapili moja baada ya chakula. Alikuwa amepewa maswali kumi ya kutoa. Alikuwa na vema nne na makosi sita, na chini ya ukurasa, kwa peni nyekundu, imeandikwa 4/10 ndani ya duara, ikifuatiwa na maneno mawili tunayoyajua sote: "Ongeza bidii." Nikamuuliza, "Mwalimu anataka uongeze bidii ya kufanya nini?" Akalitazama daftari kwa muda, akanijibu, "Ya kuandika vizuri, babu."

Mwandiko wake haukuwa na tatizo lolote. Tukakaa kwenye mkeka tukapitia swali moja baada ya jingine. Penye 402 kutoa 178 aliandika 376. Penye 531 kutoa 264 aliandika 333. Penye 685 kutoa 243 aliandika 442, na hapo alipata vema. Yatazameni majibu hayo kwa makini, maana yana siri ndani yake. Katika swali la kwanza, kwenye mamoja kuna 2 juu na 8 chini. Yeye akatoa 2 kwenye 8, akapata 6. Kwenye makumi kuna 0 juu na 7 chini. Akatoa 0 kwenye 7, akapata 7. Kwenye mamia akatoa 1 kwenye 4, akapata 3. Mtoto huyu alikuwa na kanuni yake: katika kila nafasi, tarakimu ndogo hutolewa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kanuni hiyo si sahihi, lakini aliifuata katika maswali yote kumi bila kuteleza hata mara moja. Manne aliyopata ni yale ambayo kila tarakimu ya juu ilikuwa kubwa kuliko ya chini, na sita aliyokosa ni yale yaliyohitaji kukopa.

Kwa hiyo mtoto huyu hakukosea mara sita. Alikosea mara moja, kosa lile lile likajirudia, naye alilitenda kwa bidii kubwa. Kumwambia aongeze bidii ni kama kumwambia aliyepotea njia aongeze mwendo. Tulichukua vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa uzi wa mkonge, na kila tulipoishiwa vijiti vya kutoa tukafungua fungu moja. Ilituchukua muda usiozidi nusu saa. Kilichomchelewesha kwa wiki tatu ni kwamba hakuna aliyemwambia kosa lake ni lipi.

Simlaumu mwalimu wake. Najua ana watoto wangapi, na mimi mwenyewe nimeandika maneno hayo mawili mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Ninachotaka tukitazame pamoja ni kile anachosoma mtoto anapofungua daftari. Sisi tunadhani tumempa taarifa kuhusu kutoa kwa kukopa. Yeye amepata taarifa kuhusu nafsi yake: mimi ni mtu wa nne juu ya kumi, na mimi ni mvivu. Taarifa hiyo ikimfikia kila wiki tangu darasa la pili hadi la tano, hatakuwa na sababu ya kuitilia shaka, na mtu aliyekwisha kuambiwa yeye ni nani hana haja ya kuendelea kujaribu.

Mwaka 1988 mtafiti aitwaye Ruth Butler alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya na wanafunzi wa shule nchini Israeli. Wanafunzi walipewa kazi za kufikiri, zikasahihishwa kwa namna tatu. Kundi la kwanza lilirudishiwa alama peke yake. Kundi la pili lilirudishiwa maoni peke yake, yaani sentensi iliyoeleza kipi katika kazi kimefanywa vizuri na kipi bado. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili, alama na maoni. Waliopata maoni peke yake walifanya vizuri zaidi katika kazi zilizofuata, na hamu yao ya kuendelea haikupungua, wenye uwezo mkubwa na wenye uwezo mdogo vilevile. Waliopata alama peke yake hawakuwa na maendeleo ya namna hiyo, na wale wa chini hamu yao ilishuka. Hadi hapo hakuna ajabu. Swali ni hili: mnadhani waliopewa alama pamoja na maoni walifanana na kundi lipi?

Nilipoliuliza swali hili kwa walimu siku za nyuma, karibu wote walijibu kwamba kundi la tatu lazima lilifanya vizuri kuliko yote, kwa kuwa lilipata zaidi. Haikuwa hivyo. Walifanana na waliopata alama peke yake. Alama iliyameza maoni. Kazi yote ya kukaa usiku na kuandika sentensi chini ya kila ukurasa ilipotea kwa sababu juu yake palikuwa na tarakimu.

Anayetaka kuthibitisha hilo asiende mbali. Kesho ukirudisha madaftari, simama tu usikilize. Neno la kwanza litakalosikika darasani ni "Umepata ngapi?" Mtoto hutazama alama yake, kisha ya jirani, kisha hulifunga daftari, na shughuli imekwisha. Aliyepata nyingi ameshafika, hana sababu ya kusoma maoni. Aliyepata chache ameshaumia, hana moyo wa kuyasoma.

Jambo la pili kutoka kwa watafiti nitalipita haraka. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, zikiwamo za shuleni na za kazini. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, waliopewa mrejesho walifanya vibaya kuliko ambavyo wangefanya bila kupewa. Sisi tumezoea kuamini kwamba kumwambia mwanafunzi chochote ni afadhali kuliko kunyamaza. Walichokiona wataalamu hao ni kwamba kadiri mrejesho unavyoyatoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake, ndivyo nguvu yake ya kusaidia inavyopungua. Hata sifa zimo humo. Utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na kazi ngumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi waliyoiweka. Mtoto tunayemwita kipanga tangu darasa la kwanza hufika mahali akaogopa swali gumu, kwa sababu swali hilo linaweza kumvua jina. Kilaza na kipanga wamefungwa kamba moja.

Sasa nitoe ushuhuda ambao haunipendezi. Miaka ya tisini nilifundisha darasa la sita, nami nilikuwa na desturi niliyoirithi kwa walimu wangu. Kila baada ya jaribio nilizipanga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini, nikasimama mbele, nikaita jina na alama. Wa kwanza alipigiwa makofi matatu ya kilo. Kadiri nilivyoteremka ndivyo darasa lilivyochangamka, kwa maana kila mmoja alijua kinachokuja, na nilipofika kwenye tatu za mwisho kicheko kilikuwa kimeshaanza kabla sijataja jina. Niliamini aibu itawaamsha.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akikaa karibu na dirisha. Aliipokea karatasi yake, akaikunja mara nne bila kuitazama, akaiweka chini ya paja. Jaribio la pili hakuja. Alisema aliumwa tumbo. La tatu hakuja, tumbo tena. Nilichelewa kuona kwamba tumbo lile lilikuwa linafuata ratiba ya majaribio niliyoibandika mlangoni. Nilikwenda kwao, mama yake akanipa kigoda, akaniambia kwa upole mkubwa, "Mwalimu, mwanangu anasema hesabu si zake." Mimi ndiye niliyemwambia si zake, nikamwambia mbele ya mashahidi sabini. Muhula uliofuata hakurudi kabisa, na katika rejesta, kwa mkono wangu, niliandika "utoro."

Wengine mtasema hayo ni ya zamani. Sina uhakika. Nimepita shule kadhaa kumpeleka mjukuu na kumrudisha, nami nimeona orodha ya nafasi imebandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa tisini na nne, majina kamili. Tazameni nafasi inavyoweza kumficha mtoto anayejifunza. Mtoto aliyepata 14 juu ya 50 mwezi Machi akapata 23 mwezi Juni amesogea hatua kubwa, ameondoka kwenye D akaingia kwenye C. Lakini kama darasa zima limesogea, atabaki yule yule wa sabini na moja, na barua itakayokwenda kwa mzazi itasema wa sabini na moja. Amefanya tulichomwomba, na tumemjibu kwamba hakufanya kitu. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari 2023. Kama taifa limeweza kuacha kuwapanga watahiniwa hadharani, darasa la nne B nalo linaweza.

Wala fikra hizi si za kuazima. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba mitihani imepewa heshima isiyostahili, kwa kuwa hupima uwezo wa kukumbuka na kutoa mambo kwa muda uliopangwa, na haipimi vizuri uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la chama cha TANU, la mwaka 1974, likataka tuondokane na kuutegemea mtihani mmoja wa mwisho, na kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe. Wazo lilikuwa zuri. Tulichokifanya sisi, na hapa nasema sisi kwa sababu nilikuwemo, ni kuigeuza tathmini endelevu kuwa mtihani endelevu. Badala ya kumpima mtoto mara moja ili kumhukumu, tukampima kila wiki ili kumhukumu kila wiki, tukajaza fomu, tukajumlisha, tukagawanya. Majirani zetu wa Kenya walifanya mtihani wa darasa la nane kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wao mpya unatumia maneno kama "kufikia matarajio" na "kukaribia matarajio" mahali pa tarakimu. Ni hatua, ila nina wasiwasi wangu: neno nalo likigandishwa kwenye paji la uso wa mtoto huwa ni tarakimu iliyovaa kanzu.

Kuhusu fimbo nitasema kidogo, maana wengine mnatarajia nisiseme. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa makosa makubwa ya kinidhamu, na vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye. Kukosa kutoa kwa kukopa si kosa la nidhamu. Ule utaratibu wa kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua chini ya wastani hauna mahali pa kusimama kisheria, na kitaaluma ndio kabisa, kwa kuwa mtoto anayesubiri kuchapwa hafikirii makumi na mamoja. Anafikiria mgongo wake, au namna ya kuchungulia kwa jirani.

Nakuja kwenye swali ambalo naliona machoni mwenu tangu nilipoanza: mwalimu mwenye watoto tisini ataandika maoni saa ngapi? Dakika mbili kwa kila daftari ni saa tatu kamili, kwa somo moja, kwa siku moja. Haiwezekani, na anayewaambia inawezekana hajawahi kubeba rundo hilo kwa baiskeli. Kwa hiyo siombi muandike zaidi. Naomba muandike pungufu, kwa mpango mwingine, na nitaueleza jinsi nilivyoufanya katika miaka yangu ya mwisho kazini.

Badala ya maswali kumi nilitoa matano, nikiyachagua kama mvuvi anavyochagua matundu ya wavu. Kwa kutoa, mawili hayahitaji kukopa, mawili yanahitaji kukopa mara moja, na la mwisho lina sifuri katikati, kama lile la 402. Kwa mpangilio huo, majibu yenyewe hunieleza mtoto amekwama wapi. Sikusahihisha kwa vema na kosi kwanza; nilisoma tu majibu na kuyagawa madaftari katika marundo sakafuni. Rundo la waliomaliza. Rundo la wanaotoa ndogo kwenye kubwa. Rundo la waliokwama kwenye sifuri. Kisha rundo dogo, kwa kawaida saba au wanane, ambao sikuelewa walichokifanya, na hao ndio niliowaita wakae nami wakati wa mapumziko ya asubuhi, kwa sababu daftari lao halikutosha kunieleza. Kazi hiyo ilinichukua chini ya dakika arobaini kwa darasa zima.

Kesho yake niliandika ubaoni 402 kutoa 178, jibu 376, bila jina la mtu. Nikauliza, "Aliyeandika hivi, alikuwa anafikiri nini?" Sikuuliza nani amekosa. Nawaambia, darasa ambalo halikuwahi kunyoosha mikono linanyoosha, kwa sababu kumtetea mtu asiyejulikana hakuna hatari. Na mara nyingi anayeeleza vizuri kuliko wote ni yule yule aliyekosa, maana njia hiyo anaijua. Akifika katikati ya maelezo anasita, anajisahihisha mwenyewe. Baada ya hapo dakika kumi za masahihisho, hapo hapo darasani, nami nikipita kati ya madawati. Masahihisho yanayopelekwa nyumbani hunakiliwa kwa rafiki. Sote tumeyafanya tulipokuwa wanafunzi.

Alama niliiandika kwenye kitabu changu cha maendeleo, kwa ajili ya mwalimu mkuu na kwa ajili ya mzazi mwisho wa muhula. Sikuiandika kwenye daftari. Nilipata taabu mbili. Ya kwanza ni wazazi, ambao wamezoea kuona namba. Niliwaita, nikawaonyesha marundo, na baba mmoja akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kuelewa mwanawe anashindwa nini. Taabu ya pili ilikuwa ukaguzi. Aliyekagua darasa langu alihesabu kurasa zenye wino mwekundu, akaona ni chache, akaandika kwamba sisahihishi kazi. Naomba wenzetu wa uthibiti ubora, kama wapo hapa, walifikirie hilo: mkihesabu wino, mtapata wino.

Pale maoni yanapohitajika kuandikwa, hasa kwenye insha, yawe maagizo mtoto anayoweza kuyatekeleza jioni hiyo hiyo. "Insha nzuri, jitahidi" haitekelezeki. "Aya ya pili ina mawazo mawili, safari na ajali, yatenganishe, uniletee kesho aya hiyo tu" inatekelezeka, na mwanafunzi akileta, isomeni mbele yake. Maoni ambayo hayatumiwi ni bora yasiandikwe. Na ninyi wa sekondari, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili akikuta pembeni mwa kazi yake sentensi ndefu ya Kiingereza, atajua jambo moja tu, kwamba amekosea. Najua lugha ya kufundishia ni ipi. Lakini maoni ni ya mtu mmoja, nayo yaandikwe kwa lugha ambayo mtu huyo anaweza kuifanyia kazi. Kiingereza mfundisheni katika kipindi chake, tena vizuri.

Nisieleweke kwamba nataka watoto wafichwe makosa yao, au wasifiwe kwa kazi mbovu. Mtoto huijua sifa ya uongo upesi kuliko tunavyodhani, na akishaijua hamwamini mwalimu hata anaposema kweli. Kosa liambiwe waziwazi, na liambiwe kama kosa la kazi ile, lenye mahali lilipoanzia na mahali pa kulirekebishia. Mitihani ya darasa la nne, la saba na kidato cha pili itakuja tu, na alama zake zitatolewa, na watoto wetu watazipokea wakiwa na nguvu zaidi kama katikati ya mwaka tumewafundisha kulitazama jibu lisilo sahihi bila kuogopa.

Tuna dakika arobaini na tano kabla ya chai. Naomba kila mmoja achukue madaftari matano ambayo si yake, abadilishane na mwalimu wa shule nyingine. Tafuteni ukurasa wenye "Jitahidi" au "Ongeza bidii", msome majibu ya mtoto kana kwamba maneno hayo hayapo, kisha mniambie mtoto huyo alikuwa anafikiri nini. Mwalimu wa mwisho kule nyuma, karibu na dirisha, tuanze na wewe.